Laini Moja, Nyumba Nne: Namna ya Kugawana Intaneti Bila Kupunjana



Zamani katika mstari mzima wa nyumba za shamba ilikuwapo redio moja, na jioni watu walikusanyika kwa mwenye redio kusikiliza habari na mpira. Siku hizi karibu kila mtu mzima ana simu mkononi, na hapa na pale utakuta kompyuta iliyonunuliwa kwa mkopo wa chama cha akiba, au iliyochoka ofisini ikauzwa kwa bei nafuu. Mtoto wa sekondari anataka kusomea humo. Mama anayeshona nguo baada ya zamu anataka kuwaonyesha wateja kazi zake. Katibu wa tawi anataka kutuma orodha ya wanachama makao makuu. Wote hao wanahitaji intaneti, na intaneti ni pesa.

Wengi wetu hununua bando dogo la siku, kila mtu kivyake. Huko ni kununua chumvi kwa kijiko. Mwenye gunia hulipa kidogo kwa kilo, na mwenye kijiko hulipa sana, ingawa pesa anayoitoa kila siku inaonekana ndogo. Hapa Uganda mzigo umeongezwa na kodi. Kuanzia Julai 2018 Serikali ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kila aliyetaka kutumia mitandao ya kijamii. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa, lakini mahali pake pakawekwa, tangu Julai mwaka huohuo, ushuru wa asilimia 12 juu ya mabando ya intaneti, mbali na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18.

Tuchukue mfano. Tuseme mtu mzima mmoja ananunua bando la shilingi 1,000 kila siku. Kwa mwezi ni shilingi 30,000. Nyumba yenye watu wazima wawili ni shilingi 60,000, na nyumba nne ni shilingi 240,000. Sasa tuseme nyumba hizo nne zinalipia laini moja ya shilingi 100,000 kwa mwezi. Kila nyumba inatoa shilingi 25,000. Ni kweli laini ya nyumbani haikufuati shambani wala kiwandani, kwa hiyo utaendelea kununua bando dogo mara mojamoja. Hata hivyo tofauti ni kubwa, na inatosha kununua daftari na kalamu za watoto.

Lakini kugawana kunataka maarifa. Tumeona majirani walioanza vizuri wakaishia kununiana. Katika makala hii tunaeleza laini moja inavyoweza kuhudumia kompyuta nyingi, vifaa vinavyohitajika, hesabu ya matumizi, namna ya kufunga milango, na mambo ambayo mfanyakazi asiyafanye kwenye intaneti ya mwajiri.

SANDUKU LA POSTA MOJA, WATU MIA MOJA

Kila kompyuta inayozungumza na dunia ni lazima iwe na anwani. Anwani hiyo ni namba nne zilizotengwa kwa nukta, na kila namba ni kati ya 0 na 255. Mpango huo uliandikwa mwaka 1981, wakati kompyuta duniani zilikuwa chache, nao unatoa anwani zipatazo milioni 4,300 tu. Leo watu duniani ni zaidi ya hao, na mtu mmoja anaweza kuwa na simu, kompyuta na televisheni. Mwezi Februari 2011 mafungu ya mwisho ya akiba ya dunia yaligawiwa kwa ofisi tano za kanda. Ofisi ya kanda yetu ya Afrika inaitwa AFRINIC, nayo iko Morisi. Mpango mpya wenye anwani nyingi mno upo, lakini ule wa zamani bado unatumika sana.

Basi tunaishije? Jibu wanalijua wote waliowahi kukaa katika kambi ya shamba. Shamba lina sanduku la posta moja. Barua za watu mia moja hupita humo, na karani wa ofisi ndiye anayezipanga na kuzipeleka nyumba namba 5 au namba 40. Mtu wa posta mjini hajui nyumba namba 40 iko wapi, wala hana haja ya kujua.

Karani huyo katika intaneti ni kile kisanduku chenye taa kinachoitwa ruta. Kampuni ya simu inaipa ruta anwani moja ya nje. Ruta nayo inazipa kompyuta za ndani namba za kambi, ambazo mara nyingi huanza na 192.168 au na 10. Namba hizo zilitengwa rasmi kwa matumizi ya ndani mwaka 1996. Ukikuta kompyuta yako ina namba 192.168.1.5, usishangae kusikia kompyuta ya ndugu yako aliyeko Mombasa ina namba ileile. Hazigongani, kama vile nyumba namba 5 ilivyo katika kila kambi.

Kompyuta yako inapotuma ombi nje, tuseme kufungua ukurasa wa gazeti, ruta inaipokea barua hiyo, inafuta namba ya kambi na kuandika anwani ya sanduku. Kisha inaweka kumbukumbu namba, kama zile za Kumb. Na. tunazoziona kwenye barua za ofisi, na kuandika katika daftari lake kwamba kumbukumbu hii ni ya nyumba namba 5. Jibu likirudi na kumbukumbu ileile, ruta inatazama daftari na kulipeleka kwa mwenyewe. Kazi hiyo hufanyika mara nyingi kwa sekunde moja. Njia hii ilielezwa kwa maandishi mwaka 1994 na wataalamu wawili, Kjeld Egevang na Paul Francis, nayo ndiyo iliyowezesha dunia kuendelea hata anwani zilipopungua.

Kutokana na hayo tunapata mambo matatu ya kukumbuka. Kwanza, kwa kampuni ya simu nyumba zote nne ni mteja mmoja tu, na bili ni moja. Pili, barua inayotoka nje bila kumbukumbu inayojulikana haimfikii mtu, kwa sababu karani hajui ni ya nani, na huo ni ulinzi kidogo dhidi ya wahuni wa nje. Tatu, lolote litakalofanywa na mmoja wa nyumba hizo, likiwa jema au baya, litaonekana nje kwa anwani ileile moja. Jambo hili la tatu tutalirudia.

VIFAA NI VIPI?

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni simu yenyewe. Simu nyingi za kisasa zinaweza kugeuzwa kuwa ruta ndogo, na kompyuta ikashika intaneti kutoka kwake bila waya. Njia hii yafaa kwa mtu mmoja au wawili kwa muda mfupi. Kwa nyumba nne haifai, kwani betri huisha upesi, simu hupata moto, na mwenye simu akienda zamu ya usiku anaondoka na intaneti ya wote mfukoni.

Njia ya pili ni ruta inayotumia laini ya simu. Unatia kadi ya laini ndani yake, unaichomeka kwenye umeme, nayo inabaki palepale. Njia ya tatu ni waya wa faiba unaoletwa mpaka nyumbani, ambao mara nyingi hupatikana mjini na si mashambani. Iko pia njia ya zamani ya kompyuta moja kushika intaneti na kuigawia nyingine. Windows iliwekewa uwezo huo tangu mwaka 1999. Ubaya wake ni kwamba kompyuta hiyo lazima iwake saa zote ambazo wengine wanataka kutumia, na inakula umeme kuliko ruta.

Kutoka kwenye ruta, kompyuta huunganishwa kwa waya au kwa waifai. Waya ni imara na haukatiki ovyo, nao unaweza kufika mita 100. Waifai ni redio. Kama redio yoyote, hupungua nguvu inapopita katika kuta, na mabati huizuia sana. Ruta nyingi zina mawimbi ya aina mbili: yale ya gigahezi 2.4 ambayo hufika mbali zaidi na kupenya ukuta vizuri zaidi, na yale ya gigahezi 5 yenye kasi kubwa lakini yanayochoka upesi. Kwa mstari wa nyumba, aliye mbali atumie 2.4.

Iwekeni ruta juu, katikati ya nyumba zote, mahali pa wazi. Tumeona ruta iliyofungiwa ndani ya kabati la chuma kwa kuogopa wezi, na wenyewe wakailaumu kampuni. Nyumba ya mwisho ikiwa haipati, vutieni waya mpaka huko na kuweka kifaa kingine cha kurushia waifai. Lakini jihadharini na radi. Sisi tunaokaa karibu na Ziwa Victoria tunajua radi ilivyo. Waya wa shaba uliotandikwa nje kutoka jengo hadi jengo unaweza kuleta mshtuko unaounguza vifaa vya pande zote mbili. Mvua ya radi inapokaribia, chomoeni umeme na waya za nje kabla haijafika, na msizishike wakati inapiga.

HESABU YA MATUMIZI

Hapa ndipo ugomvi huanzia. Kwanza tuelewe mabando ni ya aina mbili. Liko bando la ujazo, linalohesabiwa kwa gigabaiti, nalo likiisha limeisha. Na liko la kasi, ambalo halina ujazo au ujazo wake ni mkubwa sana, lakini upana wa bomba umewekewa kikomo.

Kasi huandikwa kwa megabiti, na mafaili hupimwa kwa megabaiti. Majina yanafanana, vitu ni viwili. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo laini iliyoandikwa megabiti 10 kwa sekunde inaleta megabaiti 1.25 tu kwa sekunde, hata kama yule aliyekuuzia alisema kumi kwa sauti kubwa. Faili la gigabaiti 1 kwenye laini hiyo, ukiwa peke yako na laini ikienda sawasawa, litachukua dakika 13 na kidogo. Mkiwa wanne na kila mmoja anavuta faili kama hilo wakati uleule, kila mmoja atangoja dakika 53. Hakuna aliyeibiwa. Bomba ni lilelile, ndoo ni nne.

Kwa bando la ujazo hatari ni nyingine. Tuseme nyumba nne zimenunua gigabaiti 60. Fungu la kila nyumba ni gigabaiti 15. Filamu yenye picha safi sana inaweza kula gigabaiti 3 kwa saa moja. Nyumba moja ikitazama saa mbili kila usiku, usiku wa kumi gigabaiti 60 zimekwisha, na nyumba tatu zimelipa bila kutumia. Filamu hiyohiyo ikitazamwa kwa picha ya kawaida huweza kula kiasi cha theluthi moja tu. Katika simu ndogo macho hayaoni tofauti kubwa, lakini bando linaiona.

Sasa tuwaambie jambo lililotupata sisi wenyewe, kwa sababu si haki kuwafundisha wengine huku tumeficha kosa letu. Tawi letu liliweka kompyuta yake katika nyumba ya mwanachama, nasi tukaingia kama mshirika wa nne katika laini ya pamoja. Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri. Mwezi wa pili bando liliisha tarehe 12. Watu wakasema aliyekula ni kijana mmoja wa idara ya ufungaji, mpenzi wa mpira, ambaye kila mtu alikuwa akisikia kelele za goli chumbani kwake. Tukamwita. Akakana. Hatukumwamini, akatolewa katika laini. Alilipa madeni yake yote siku hiyohiyo, na tangu hapo akaacha kuja mikutano ya tawi.

Mwezi wa tatu bando likaisha tarehe 14, na yeye hayumo. Ndipo mmoja wetu alipofungua ukurasa wa ruta, ambao unaonyesha kila kifaa kimevuta kiasi gani. Mlaji alikuwa kompyuta ya tawi. Ilikuwa ikijisasisha yenyewe usiku, na tena ikipeleka picha za mikutano yetu yote kwenye hifadhi ya mtandaoni, moja baada ya moja, kisha picha zilezile kutoka folda nyingine. Hakuna mtu aliyekuwa ameketi mbele yake.

Tulikwenda wajumbe watatu kwa yule kijana, tukamwomba radhi mbele ya majirani walewale waliosikia akishutumiwa, na tukalipa kutoka mfuko wa tawi hasara ya nyumba nyingine. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mgeniuliza ningewaonyesha tangu mwanzo. Mimi mpira natazama kwa king'amuzi." Mikutanoni amerudi. Lakini miezi miwili ilipita ambamo tawi lilimpoteza mwanachama kwa sababu viongozi hawakutazama daftari kabla ya kuhukumu. Tunaomba tawi lolote lisirudie kosa hilo.

Kutokana na tukio hilo tumejifunza haya:

1. Katika Windows, iambie kompyuta kwamba muunganisho huo unalipiwa kwa kipimo. Mpangilio huo upo katika sehemu ya mtandao, nao hupunguza sana mambo yanayovutwa kimyakimya. Simu nazo zina mpangilio wa kuokoa data.

2. Usiache kabisa kusasisha, maana masasisho huziba matundu ya wezi. Yafanyeni kwa zamu, siku mliyopatana. Windows inaweza pia kuchukua sasisho kutoka kompyuta nyingine ya nyumbani ambayo imekwisha kulipata, badala ya kulivuta tena kutoka nje. Fungueni uwezo huo kwa kompyuta za mtandao wenu wa ndani tu.

3. Zimeni upelekaji wa picha wa moja kwa moja, au uruhusuni kwa picha muhimu pekee.

4. Faili likishaingia katika nyumba moja, kulipeleka nyumba ya jirani kwa waifai yenu wenyewe hakuli bando hata kidogo, kwa sababu barua haikutoka nje ya kambi. Mtoto mmoja avute somo, wenzake wanne walinakili.

5. Ruta nyingi zinaweza kuwekewa kikomo cha kasi kwa kila kifaa. Zitazameni kabla ya kununua, na muulizeni muuzaji awaonyeshe.

KUFUNGA MILANGO

Waifai haijui mpaka wa uwanja wako. Mpita njia aliyekaa chini ya mwembe anaweza kuishika kama haikufungwa vizuri. Ruta ina funguo mbili, na wengi hujua moja tu. Ufunguo wa kwanza ni neno la siri la waifai. Ufunguo wa pili ni neno la siri la kuingia ndani ya ruta yenyewe na kubadilisha mipangilio. Huo wa pili mara nyingi hutoka kiwandani ukiwa neno rahisi ambalo ruta nyingi za aina hiyo zinalo, na mtu yeyote aliyeingia kwenye waifai anaweza kulijaribu. Ubadilisheni siku ya kwanza.

Katika mipangilio ya ulinzi chagueni WPA2 au WPA3. Mkiona ruta kuukuu inayotoa WEP tu, msiinunue hata kwa bei ya bure, kwani udhaifu wa kufuli hilo ulifichuliwa tangu mwaka 2001. Tena zimeni ile njia ya kujiunga kwa namba nane iitwayo WPS. Mwaka 2011 ilionekana kwamba namba hizo nane, zinazoonekana kuwa na mamilioni ya majibu, zinaweza kukisiwa kwa majaribio yasiyozidi 11,000 tu, na hiyo kwa kompyuta si kazi.

Neno la siri liwe refu. Maneno manne au matano yasiyohusiana, ya Kiswahili, Kiganda, Kisoga au lugha yoyote ya nyumbani, ni bora kuliko jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa. Jirani akihama, libadilisheni siku hiyohiyo, hata kama mliagana vizuri. Wageni wapeni waifai ya wageni, kama ruta yenu inayo, ili wasikutane na kompyuta zenye mafaili yenu.

Kumbuka pia kwamba mkiwa ndani ya kambi moja mnaweza kuonana. Kompyuta ikiuliza kama mtandao huu ni wa binafsi au wa watu wote, nanyi ni nyumba nne, jibuni wa watu wote, ili isianike mafaili yenu kwa majirani. Mnapotaka kunakiliana somo, fungueni kwa muda kisha mfunge, au tumieni kijiti cha kuhifadhia.

NANI ANAONA NINI

Swali hili tunaulizwa sana: je, mwenye ruta anaona ninachokisoma? Kwa kurasa zenye alama ya kufuli, na siku hizi nyingi zinayo, mwenye ruta anaweza kuona umekwenda kwa nani, lakini haoni mliyozungumza. Ni kama karani anayeona bahasha na asiione barua. Kwa kurasa zisizo na kufuli anaweza kuona barua yenyewe.

Sasa fikirini kuhusu waifai ya mwajiri. Baadhi ya viwanda na mashamba hutoa waifai bure kantini, nasi hatusemi msiitumie kusoma habari. Lakini karani wa waifai hiyo ni mwajiri. Bahasha zote zinapita mezani kwake, na saa zake zimeandikwa. Kwenye kompyuta ya kampuni hali ni nzito zaidi, kwa kuwa mwenye kompyuta anaweza kuweka humo programu ya kutazama hata maandishi unayoyapiga, na hapo alama ya kufuli haikusaidii. Kwa hiyo orodha za wanachama, barua za madai na maandalizi ya mazungumzo ya mshahara visipitie huko. Hilo peke yake ni sababu ya kutosha kwa tawi kuwa na laini ambayo wanachama wameilipia wenyewe.

Jambo la tatu tulilosema tutalirudia ni hili. Nje mnaonekana kwa anwani moja, na anwani hiyo ina jina la aliyetia sahihi mkataba. Uganda ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, iliyorekebishwa mwaka 2022. Mmoja wenu akitapeli watu au akitukana watu mtandaoni, wa kwanza kugongewa mlango anaweza kuwa mama wa watu aliyeandikisha laini kwa wema wake. Msimbebeshe mtu mmoja mzigo huo bila makubaliano ya maandishi.

Tena someni mkataba wa kampuni. Baadhi ya mikataba hukataza kuitoa huduma nje ya nyumba moja. Ulizeni kabla ya kutia sahihi, na jibu liwe la maandishi. Na kuuza intaneti kwa watu ili upate faida ni biashara ya mawasiliano, ambayo husimamiwa kwa leseni na Tume ya Mawasiliano ya Uganda. Kuchangia gharama si sawa na kufungua duka, lakini anayeanza kuwatoza wapita njia ameshavuka mpaka.

MAKUBALIANO YAANDIKWE

Kabla ya kununua ruta, kaeni chini nyumba zote, wanaume kwa wanawake, na andikeni ukurasa mmoja wenye mambo haya: nani ameandikisha laini, kila nyumba inalipa kiasi gani na tarehe ngapi, ruta ni mali ya nani mtu akihama, fungu la kila nyumba ni gigabaiti ngapi, saa zipi ni za masomo ambapo filamu zinangoja, na nani anashika ufunguo wa ndani wa ruta. Ufunguo huo wawe nao watu wawili wa nyumba mbili tofauti, kama vile mfuko wa chama usivyofunguliwa na mweka hazina peke yake. Kila Jumapili mmoja asome matumizi ya kila kifaa mbele ya wote. Mtu asishutumiwe kabla ya kusomwa hesabu.

Tusidhani kugawana ni jambo la maskini tu. Uganda haina bahari. Sehemu kubwa ya intaneti yetu inakuja kwa mikonga iliyolazwa baharini, inayotua Mombasa na Dar es Salaam tangu SEACOM ilipofika Julai 2009, kisha inapanda bara kwa waya mpaka kwetu. Nchi nzima, mabenki na wizara, inagawana na majirani zake. Mwezi Mei 2024, mikonga ya SEACOM na EASSy ilipokatika baharini upande wa kusini, intaneti ilidorora Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda kwa pamoja. Tajiri na mchuma chai walingoja pamoja ukurasa ufunguke.

Basi nasi katika mstari wa nyumba zetu tufanye kwa mpango. Mchango uwe sawa, daftari liwe wazi, na mlango ufungwe vizuri. Tawi lolote litakaloanza laini ya pamoja tunaliomba litwandikie lilivyofaulu na lilivyokwama, ili wenzetu wa mashamba mengine wasianze gizani.

Umoja ni nguvu.